Kupokea na Kupima Vifaranga wa Kuku Kibete



Kuku wadogo waitwao bantamu, ambao wengi wetu huwaita kuku kibete, walipata jina lao katika bandari ya Bantam, kisiwani Java. Hula kidogo, hawahitaji banda kubwa, na wengi wa majike yao hutamia kwa uvumilivu sana. Kwa hiyo si ajabu mkulima akitamani kuwaagiza kutoka mahali wanapoanguliwa kwa mashine, wakamfikia sandukuni wakiwa na umri wa siku moja. Lakini kununua usichokiona kuna hatari yake, nayo imempasa mnunuzi kujua kuwapima saa ile ile wanapofika.

Kifaranga aliyeko yaini, akikaribia kutoka, hukivuta kiini cha yai kikaingia tumboni mwake, nacho ndicho akiba yake ya safari. Ndiyo sababu posta ya Marekani iliweza kuanza kuchukua vifaranga mwaka 1918. Akiba hiyo yatosha siku mbili, au tatu kwa shida. Tena bantamu, kwa udogo wake, hupoteza joto upesi. Basi ulizeni kwanza siku na saa walipoanguliwa.

Fungueni sanduku mahali penye joto pasipo upepo, na aliyeleta awepo, ikiwezekana. Sikilizeni. Vifaranga wazima hulia kwa sauti ya chini. Kelele kali isiyokoma ni dalili ya baridi au kiu. Na kimya cha unyonge ni kibaya zaidi. Kisha mchukueni mmoja mmoja, mkitazama mambo haya:

1. Nguvu. Mlazeni chali. Aliye mzima huinuka mara moja. Anayekawia ni dhaifu.

2. Macho. Yawe wazi, yenye kung'aa.

3. Kitovu. Kiwe kimefunga na kukauka. Kikiwa na unyevu, au kidonda, au harufu mbaya, basi ubaya umekwisha kuingia mwilini.

4. Tumbo na mahali pa haja. Tumbo liwe laini, lisivimbe. Pasiwe na kinyesi cheupe kilichogandamana.

5. Miguu na mdomo. Vidole vinyoke, miguu isitawanyike, vifundo visiwe vyekundu wala kuvimba, na mdomo usipishane.

Wala msihesabu kuwa kasoro mambo yaliyo ya asili. Yai la bantamu ni dogo, na kifaranga huwa na uzito wa kama theluthi mbili za yai lake. Basi msimlinganishe na wa kuku mkubwa. Silkie ana vidole vitano na manyoya miguuni. Bantamu wa Kijapani ana miguu mifupi mno. Wala rangi ya siku ya kwanza siyo atakayokuwa nayo ukubwani.

Mimi mwenyewe niliwahi kupokea vifaranga 30, na wanne kati yao walikuwa na kinyesi cheupe nyuma. Niliwahurumia, nikawaosha kwa maji ya moto, nikawachanganya na wenzao. Kabla ya majuma mawili kwisha nilikuwa nimezika 19. Wale waliopona nilifurahi nao, nikawaweka pamoja na kuku wa mama yangu, nisijue kwamba tetea aliyepona ugonjwa huo wa kuhara kweupe huweza kuuficha mwilini, kisha akauambukiza katika mayai yake. Mwaka uliofuata vifaranga wa nyumbani walikufa, uatamio baada ya uatamio, hata mama akaacha kuatamisha. Hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kabla ya kulipa, mwulizeni mwuzaji kama kuku wake wa mbegu wamepimwa damu kwa ajili ya ugonjwa huo, na kama vifaranga wamechanjwa ugonjwa wa Marek. Wanapofika, wahesabuni, mkaandike wafu na wagonjwa, mpeleke habari siku ile ile. Wagonjwa watengeni; wakifa kwa wingi, mwiteni mganga wa mifugo. Wageni wote wakae mbali na kuku wenu wa zamani kwa majuma manne, na anayewahudumia aanze kwa wazamani, amalizie kwa wageni.

Walio wazima wapeni joto la digrii 35 za sentigredi juma la kwanza, mkipunguza kidogo kila juma. Kila mmoja mchovyeni mdomo majini kabla hamjampa chakula. Chombo kiwe cha kina kifupi, chenye vijiwe ndani, maana bantamu huzama upesi.

Wahenga walisema, Nyota njema huonekana asubuhi. Asubuhi ya kuku ni siku ile sanduku linapofunguliwa; mkikosea hapo, hasara haiishii kwa vifaranga wale tu, bali huufikia uzao wa kuku mliokuwa nao tangu zamani.