Bomba juu ya paa linalosikiliza bahari

Mzigo ukishaondoka Tanga kuelekea Wete, mwenye mali hubaki na simu mkononi. Mwanzo nahodha anapokea. Baadaye sauti inakatikakatika. Kisha simu haipatikani kabisa, na kuanzia hapo hadi chombo kifike upande wa pili, mtaji wa miezi kadhaa uko mikononi mwa upepo.

Kutoka Tanga hadi Wete ni takriban kilomita 70. Kutoka Shimoni, upande wa Kenya, hadi huko huko Wete ni takriban kilomita 60. Katikati kuna Mkondo wa Pemba, maji ya kina kirefu yasiyo na mzaha kusi inapovuma. Wafanyabiashara wa pwani hii hawahitaji kukumbushwa usiku wa Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba na mamia ya watu wakapoteza maisha.

Ndiyo maana baadhi ya wenye mizigo wameanza kuuliza habari za skana, yaani redio ndogo inayopokea tu bila kurusha, na inayoweza kusikia mazungumzo ya vyombo baharini. Skana yenyewe hununuliwa dukani. Kinachowaangusha wengi ni antena. Kile kijiti kifupi kinachokuja na mashine, kikiwa ndani ya nyumba ya mawe au chini ya bati, husikia mikwaruzo tu.

Antena ya nje inayofaa inaweza kutengenezwa nyumbani kwa kipande cha waya wa runinga na bomba la plastiki. Isitoshe, haionekani kama antena.

Kwa nini ifichwe

Sababu za kuificha ni za kawaida. Shaba na aluminiamu juu ya paa huvutia wezi. Baadhi ya wenye nyumba hawapendi vyuma vinavyochomoza ukutani. Kubwa zaidi ni chumvi: upepo wa bahari hula chuma kilicho wazi, na antena iliyokuwa ikisikia vizuri wakati wa kaskazi huwa bubu kusi inapoingia. Ndani ya bomba la plastiki waya hukaa mkavu, na mpita njia hudhani ni bomba la maji.

Plastiki haizuii mawimbi ya redio. Bomba la chuma huyazuia, na rangi ya fedha yenye unga wa aluminiamu nayo huyapunguza. Bomba lipakwe rangi ya kawaida inayofanana na ukuta.

Vipimo

Vyombo vya baharini duniani kote hutumia chaneli ya 16, megahezi 156.8, kuitana na kuomba msaada. Ukigawanya 300 kwa 156.8 unapata urefu wa wimbi moja, mita 1.91. Robo yake ni sentimita 47.8. Ndani ya waya wimbi hupungua urefu kidogo, hivyo mafundi hukata asilimia tano na kubaki na sentimita 45.5. Hicho ndicho kipimo cha kukariri.

Vifaa ni waya wa runinga wa RG-6 wa kutosha kutoka paani hadi kwenye meza, bomba la plastiki la maji lenye urefu wa mita 1.2, kifuniko cha juu, gundi ya mabomba, utepe wa umeme na kichwa cha kuunganisha kinacholingana na skana. Waya wa RG-6 ni wa omu 75 wakati skana nyingi ni za omu 50, lakini kwa kusikiliza tu tofauti hiyo ni ndogo. Tena waya huo hupoteza mawimbi kidogo kuliko RG-58 nyembamba.

Kazi huanza kwenye ncha ya waya. Ganda la nje huchunwa kwa sentimita 46 bila kukata wavu wa nyuzi ulio chini yake. Wavu husukumwa taratibu kurudi nyuma, ukageuzwa kama soksi inayovuliwa, ukalala juu ya ganda la waya kwa sentimita 45.5. Karatasi ya aluminiamu iliyobaki juu ya sponji nyeupe hukatwa na kuondolewa. Nyuzi za wavu zisiguse kabisa waya wa katikati. Zikigusana, antena haifanyi kazi.

Sasa kuna sentimita 45.5 za waya wa katikati zinazotazama juu, na sentimita 45.5 za wavu zinazoshuka chini. Hiyo ndiyo antena nzima. Haihitaji risasi ya kuchomelea, jambo jema, kwa sababu wavu wa RG-6 nyingi ni aluminiamu na risasi ya kawaida haishiki hapo.

Wavu hufungwa kwa utepe, kisha waya wote huingizwa ndani ya bomba, ncha ikitazama juu. Kifuniko cha juu hugandishwa kwa gundi. Chini hapazibwi kabisa, ili unyevu upate pa kutokea. Waya ukitoka chini ya bomba, huzungushwa mara tatu au nne kwa duara la upana wa sentimita 12 hivi na kufungwa. Mizunguko hiyo husaidia waya wa kushukia usiingize makelele ya taa na chaja za ndani. Kabla ya kuingia dirishani, waya hupindwa kidogo kwenda chini ili maji ya mvua yadondoke nje.

Bomba lisimame wima, kwa kuwa antena za vyombo nazo husimama wima. Likilazwa, sehemu kubwa ya nguvu ya mawimbi hupotea.

Umbali na ukimya

Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakata. Antena iliyo mita 9 juu ya usawa wa bahari inaweza kupokea chombo chenye antena ya mita 4 kikiwa kama kilomita 20 kutoka ufukweni. Meli kubwa yenye antena ya mita 25 inaweza kusikika kama kilomita 33. Kupandisha bomba hadi mita 16 huongeza kilomita nne hivi. Kwa hiyo aliyeko Tanga hatasikia jahazi lililofika katikati ya mkondo, hata antena yake iwe nzuri namna gani.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukimya wa skana si habari mbaya, wala si habari njema. Majahazi mengi hayana redio kabisa. Mwenye mzigo anayetaka faida ya kweli aanze kwa kumuuliza nahodha, kabla ya kupakia, kama chombo kina redio ya VHF inayofanya kazi na makoti ya kuokolea. Jibu hilo lina thamani kuliko antena yoyote. Utabiri wa mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya nao usomwe kabla ya kamba kufunguliwa.

Siku ikisikika sauti ikirudia neno Mayday mara tatu, msikilizaji aandike saa, jina la chombo, mahali kilipo na idadi ya watu. Kisha asubiri kidogo asikie kama kuna kituo kinachojibu. Asipokisikia, apige simu bandarini mara moja na kusoma alichoandika, neno kwa neno. Mombasa kuna kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji baharini kilichofunguliwa mwaka 2006, na taarifa ya bandari yoyote inaweza kufikishwa huko. Namba ya simu ya bandari ibandikwe ukutani, kando ya skana.

Sheria na mpaka

Kuficha bomba machoni mwa wezi si kuficha shughuli machoni mwa sheria. Masafa ya redio Tanzania yako chini ya TCRA, na Kenya yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya Tanzania ya mwaka 2010 inafanya kunasa mawasiliano bila idhini kuwa kosa. Mwenye nia ya kununua skana aulize kwanza ofisi ya mamlaka iliyo karibu, apate jibu kwa maandishi, na asifungue masafa ya polisi wala ya majeshi.

Kwa anayevuka mpaka, tahadhari ni mara mbili. Kifaa kinachoruhusiwa upande mmoja huenda kikahitaji kibali upande wa pili, na skana isiyo na karatasi ndani ya mzigo wa vitenge inaweza kuchelewesha mzigo wote forodhani. Skana ibaki nyumbani.

Mwisho ni radi na umeme. Bomba likae mbali na nyaya za umeme, kiasi kwamba hata likianguka lisizifikie. Mawingu ya masika yakianza kunguruma, waya uchomolewe kwenye skana na kutupwa nje ya dirisha. Jioni hiyo mwenye mzigo hatasikia kitu, na nahodha mwenye busara atakuwa bado amefunga gatini.