Bolti ya krenki ikigoma, ubabe hausaidii

WENGI wanaofumua injini ya gari nyumbani hukwama kwenye bolti moja: ile inayoshikilia puli ya krenkishafti. Bolti hiyo hukazwa kwa nguvu nyingi, na kutu huizidishia ugumu.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa ni kwamba ukivuta spana, krenkishafti nayo huzunguka. Hivyo izuie kwanza, kwa kifaa kinachoshika puli au meno ya flaiwili. Kisha pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, ndipo uvute kwa spana yenye mpini mrefu.

Kamwe usiizuie kwa kuchomeka bisibisi juu ya pistoni, wala kwa kutegemea mkanda wa taimingi. Pistoni huweza kuharibika na mkanda kukatika, na bolti moja ikakugharimu injini nzima.