Kijipicha na Ukingo wa Mchoro: Kupunguza na Kukata Picha za Michoro ya Lubumbashi kwa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta inavyogeuza picha kubwa kuwa kijipicha, yaani nakala ndogo iwekwayo katika orodha ili msomaji aitambue picha kabla ya kuifungua. Mfano unaotumika ni michoro ya wachoraji wa Lubumbashi. Hoja kuu ni kwamba kupunguza na kukata ni vitendo viwili tofauti. Cha kwanza hupunguza uwazi wa picha nzima. Cha pili huondoa sehemu yake. Pale ambapo mchoro ni ushahidi wa historia, kuondoa sehemu ni kuubadili ushahidi.

Haja ya vijipicha ni dhahiri. Chukulia mwanafunzi aishiye Golf, mmojawapo wa mitaa ya makazi ya Lubumbashi, anayefungua kwa simu orodha ya michoro 100. Ikiwa kila picha ina ukubwa wa mega 2, atatumia mega 200 kabla hajachagua hata mchoro mmoja wa kuusoma. Kijipicha humwondolea gharama hiyo. Swali ni kijipicha hicho kimeachwa na nini.

2.0 Mchoro kama maandishi

Tshibumba Kanda-Matulu alizaliwa mwaka 1947, wakati Lubumbashi ilipokuwa ikiitwa Élisabethville. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake katika michoro ipatayo 100 kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha mjini humo. Mazungumzo yao juu ya michoro hiyo yalifanyika kwa Kiswahili cha Shaba, kama jimbo la Katanga lilivyoitwa wakati huo, nayo yalichapishwa pamoja na michoro katika kitabu Remembering the Present cha mwaka 1996. Neno ambalo watu wa mji huo walilitumia kueleza thamani ya michoro ya aina hii ni ukumbusho: mchoro hutundikwa sebuleni ili uwakumbushe watu jambo na kuwafanya walizungumze.

Sifa mbili za michoro hii zinahusu moja kwa moja suala la vijipicha. Kwanza, mchoraji huandika maneno ndani ya mchoro, aghalabu kwa Kifaransa, na maneno hayo ni sehemu ya kazi yake. Pili, maana mara nyingi hubebwa na watu waliosimama pembeni. Mfano mwafaka ni ule mchoro maarufu uitwao Colonie belge, uliochorwa mara nyingi na wachoraji mbalimbali. Humo askari Mwafrika anamchapa mfungwa kwa kiboko, huku afisa Mbelgiji amesimama kando akitazama. Yule aliye kando ndiye mwenye amri.

3.0 Kupunguza

Picha ya kompyuta ni jedwali la nukta ziitwazo pikseli. Tuseme mchoro umepigwa picha yenye upana wa pikseli 3000 na kimo cha 2000, yaani nukta milioni 6, na kijipicha kinatakiwa kiingie katika mraba wa 200 kwa 200. Upana hudai kugawanywa kwa 15, kimo kwa 10. Ili picha yote iingie, hutumika kigawanyo kikubwa, yaani 15, na matokeo ni pikseli 200 kwa 133. Uwiano wa pande haubadiliki, wala hakuna kinachokatwa.

Hata hivyo, kila nukta ya kijipicha sasa inawakilisha nukta 225 za asili. Kanuni duni huchagua moja kati ya hizo na kuzitupa 224, hivyo mstari mwembamba wa brashi waweza kutoweka kabisa. Kanuni bora hukokotoa wastani wa nukta jirani, na mstari hubaki, ingawa umefifia. Lakini hakuna kanuni iwezayo kuokoa maandishi: herufi yenye kimo cha pikseli 60 itabaki na pikseli 4, nazo hazitoshi kusomeka. Kwa hiyo maneno yaliyo ndani ya mchoro hayana budi kunakiliwa kama matini kando ya kijipicha.

4.0 Kukata

Waandaaji wa orodha hupenda vijipicha vilivyolingana, hivyo huagiza mraba ujazwe wote. Hapa hutumika kigawanyo kidogo, yaani 10. Picha huwa 300 kwa 200, kisha pikseli 50 hukatwa kila upande. Theluthi moja ya mchoro imepotea, na mashine haikuuliza mtu, kwa kuwa kwa kawaida huchukulia kwamba jambo muhimu liko katikati.

Tumia kanuni hiyo kwa Colonie belge ambamo afisa amechorwa katika sehemu ya sita ya mwisho ya upana. Kijipicha kitamwonyesha Mwafrika akimchapa Mwafrika, aliyeamuru hayumo. Msomaji apitiaye orodha bila kufungua picha ataondoka na historia nyingine.

5.0 Utaratibu katika programu

Katika lugha ya Python kazi hii hufanywa kwa maktaba ya Pillow, iliyoanzishwa mwaka 2010 kutokana na ile ya PIL ya mwaka 1995:

from PIL import Image, ImageOps
picha = Image.open("mchoro.jpg")
picha = ImageOps.exif_transpose(picha)
picha.thumbnail((200, 200))
picha.save("kijipicha.jpg")

Mstari wa tatu huisimamisha wima picha ambayo simu iliihifadhi ikiwa imelala. Amri ya thumbnail hupunguza bila kukata, wala haikuzi picha iliyo ndogo tayari. Izingatiwe kwamba amri hii huibadili picha yenyewe katika kumbukumbu ya kompyuta badala ya kutoa nakala; hivyo matokeo yahifadhiwe kwa jina jingine, la sivyo faili la asili litafutika.

Pale ambapo mraba hauepukiki, ipo amri ya kukata yenye kuchagua upande:

ImageOps.fit(picha, (200, 200), centering=(0.0, 0.5))

Namba ya kwanza huhusu upana: 0.0 hulinda ukingo wa kushoto, 0.5 katikati, na 1.0 ukingo wa kulia. Namba ya pili huhusu kimo kwa utaratibu huohuo. Amri hii itolewe kwa picha ya asili, si kwa ile iliyokwisha kupunguzwa. Namba hizo haziwezi kuwa moja kwa michoro yote. Lazima mtu autazame kila mchoro na kuamua, kisha uamuzi wake uandikwe katika kumbukumbu ya mchoro husika.

6.0 Hitimisho

Anayeandaa vijipicha vya michoro ya kihistoria anafanya kazi ya uhariri. Kwa hiyo yafaa apunguze kwanza picha nzima na kuacha nafasi tupu juu na chini, anakili maandishi yote, na akate pale tu ambapo amekwisha kujua ni nani aliyesimama pembeni.