Ziwa Takatifu la Meru, Mwendo wa Siku Moja

Mara ya kwanza kuingia hekalu la Wabuddha nilikuwa Dar es Salaam, kwenye ziara ya walimu. Hekalu hilo lilianzishwa na watu waliotoka Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Tulivua viatu mlangoni. Uani tukaonyeshwa mti wa bodhi, wa aina ile ile ambayo Buddha aliketi chini yake huko Bodh Gaya, India. Upepo ulikuwa umeangusha jani bichi, lenye ncha ndefu kama mkia, na kwenye kikonyo palikuwa na tone la utomvu mweupe. Nikamwambia mwenzangu, "Mbona huu ni mugumo?"

Sikukosea sana. Bodhi na mugumo ni miti ya jenasi moja, Ficus, ukoo wa mikuyu. Mimi ni mtoto wa Runyenjes, Embu, na kwa nyanya yangu mugumo ulikuwa na miiko yake. Haukatwi. Hata tawi kavu lililojiangukia haliokotwi kuwa kuni. Chini yake wazee walisali wakiuelekea Mlima Kenya, makao ya Ngai, yaani Mungu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mambo yetu sisi tu.

Wabuddha nao hupenda kumpandisha mtu mlima ndipo asali. Kule Sri Lanka kuna kilele cha Sri Pada, mita 2,243, ambacho mahujaji hukipanda usiku ili jua liwakute juu. Huko juu mwambani kuna alama ya unyayo: Wabuddha husema ni wa Buddha, Wahindu husema ni wa Shiva, na Waislamu wengi husema ni wa Nabii Adamu. Wote hupanda mlima mmoja. Mwaka jana nikajiuliza, na mimi ninayefundisha jiografia Meru, nimepanda kwenda wapi? Nikaenda kwenye ziwa ambalo ramani huliandika Sacred Lake, yaani Ziwa Takatifu. Liko ubavuni mwa Mlima Kenya upande wa Meru, kwenye mita 2,350 hivi. Ni juu kuliko Sri Pada.

Tuliondoka Meru mjini alfajiri, kwa sababu mchana ukungu hushuka. Tulikuwa wanne: mimi, mpwa wangu, askari wa misitu mwenye bunduki, maana tembo na nyati wamo, na mzee wa kijiji cha jirani aliyejua njia. Tukaacha mashamba ya chai na viazi, tukaingia msituni. Kilichonipata kwanza ni ubaridi, kisha harufu ya majani yaliyooza na udongo mweusi. Mbega walituchungulia kutoka juu. Mpwa wangu alikuwa na simu inayopiga muziki. Mzee hakumgombeza. Alisimama tu, akavua kofia, akasema, "Kijana wangu, hapa tunaingia kwa watu." Simu ikazimwa.

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Hapakuwa na ukuta wala kengele, wala sehemu ya kuvulia viatu, lakini wote tulijua kwamba tumevuka kizingiti.

Ziwa lenyewe limekaa ndani ya kasoko, shimo lililoachwa na volkano, na msitu umelizunguka pande zote. Usitegemee maji mapana ya buluu. Matete na ndago zimelifunika sehemu kubwa, na ukikanyaga ukingoni ardhi inabonyea kama godoro. Nilichomeka fimbo yangu. Ikazama hadi karibu na mkono, ikatoka na tope jeusi laini kama uji wa wimbi.

Tope hilo lina habari kubwa. Kila mwaka chavua za maua na miti hudondoka ziwani, huzama na kufunikwa, tabaka juu ya tabaka. Miaka ya 1960 mtaalamu wa chavua wa Afrika Kusini, J. A. Coetzee, alichunguza tope lililochimbuliwa hapa na kulisoma kurudi nyuma zaidi ya miaka 30,000. Alionyesha kwamba wakati wa enzi ya barafu baridi iliusukuma msitu wa mlimani ushuke chini sana kuliko ulipo leo. Mahali nilipokuwa nimesimama, chini ya miti mikubwa, palikuwa peupe, pamejaa nyasi na vichaka vya baridi. Mimi hufundisha wanafunzi kuhusu enzi ya barafu nikichora Ulaya ubaoni. Kumbe ushahidi uko nyuma ya nyumba yetu!

Mzee alituambia kwamba zamani hakuna aliyekuja hapa kukata mti wala kupiga kelele, na waliokuja na sadaka walikuja na njaa ya mvua. Mimi ni Mkristo, na sikwenda kuabudu ziwa. Lakini naamini miiko ile ilihifadhi msitu kwa gharama ndogo kuliko uzio wowote. Ndiyo maana niliumia nilipokuta chini ya mti mmoja chupa nne za plastiki na mkaa wa nyama choma.

Ukitaka kwenda, pata kibali cha watu wa misitu na uongozwe na askari na mwenyeji. Chagua Januari au Februari, kabla ya masika. Ongea polepole, acha kila tawi lilipoangukia, na chupa uliyopanda nayo ushuke nayo.