Amana Isiyo Amana

Kupitia Busia na Malaba, mabinti wa mashariki mwa Uganda huvuka kuja kutafuta kazi za nyumbani nchini Kenya. Baadhi yao hufika hata majumbani mwetu huku Pwani. Mara nyingi nauli hutolewa na mwajiri, na dhulma huanzia hapo: nauli hugeuzwa deni, kitambulisho hufungiwa kabatini, na mshahara huzuiliwa hadi siku ya kurudi kwao.

Tunauita mshahara huo amana. Lakini amana ni kitu alichokukabidhi mwenyewe kwa hiari yake. Kilichozuiliwa ni haki ya mtu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamlinda pia mfanyakazi wa nyumbani: ujira wa mwezi hulipwa mwezi uishapo, hupumzika siku 1 katika kila siku 7, na kazi ya miezi 3 au zaidi huandikiwa mkataba, asiyejua kusoma akaelezwa yaliyomo.

Basi, mama zetu na dada zetu, tuandikiane siku ya kwanza. Kitambulisho akae nacho mwenyewe, na mshahara tumtie mkononi. Akitaka tumwekee, na aseme yeye.