Je, Wajua? Wino Unaokaa Juu ya Kioo cha Kompyuta

Neno "hapa" ni jepesi kulitamka, ila bila kidole halimfikishi mtu popote. Mfikirie mwalimu wa kompyuta katika kambi ya Dzaleka, Malawi. Projekta inamwaga ukutani mistari 40 ya programu, nuktamkato moja imekosekana, naye anasema, "Tazameni hapa." Vichwa vinageuka kila upande. Akiusogelea ukuta aonyeshe kwa kidole, kivuli chake kinafunika mistari yote, pamoja na ule wenye kosa. Akichukua taa ya leza, kitone chekundu kinatetemeka pamoja na mkono wake, na anayeandika daftarini akiinua macho hukuta kimeshahama.

Sasa anabonyeza Ctrl na 2 kwa pamoja. Mausi inageuka kalamu, naye anachora duara jekundu pale pale penye kosa. Duara halitetemeki wala haliondoki. Akibonyeza Esc, wino wote unatoweka na programu iliyo chini yake iko vilevile, haijaguswa hata herufi.

Hizo Ctrl na 2 ni za ZoomIt, programu ya Windows iliyoandikwa na Mark Russinovich, mmoja wa waanzilishi wa Sysinternals, tovuti ya zana za Windows. Aliiandika kwa haja yake mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya watu na kuwaonyesha matumbo ya Windows, maandishi yakiwa madogo kama chawa. Mwaka 2006 yeye na kampuni yake walihamia Microsoft, na ZoomIt ni ya bure. Januari 2025 iliingizwa pia katika mkoba wa zana uitwao PowerToys. Ni ndogo, inakaa kwenye flashi, wala haihitaji kusimikwa: unaibofya, inafanya kazi. Kwa mtu mwenye laptopu ya mtumba na bando la kuhesabu kwacha, sifa hiyo inazidi rangi zote za wino.

Lakini wino huo unakaa wapi, ikiwa haugusi kilicho chini?

ZoomIt hutumia hila ya mpiga picha. Ukishabonyeza, inakipiga picha kioo kizima, kisha inaitandaza picha hiyo juu ya kioo chenyewe, ukingo kwa ukingo. Wewe unadhani unachora juu ya mistari ya programu, kumbe unachora juu ya picha ya mistari hiyo. Ukitaka ushahidi, itazame saa ndogo ya pembeni: imesimama. Kama kulikuwa na video, imeganda. Picha yenyewe si mzigo. Kioo cha 1366 kwa 768, ambacho kimeenea sana kwenye laptopu za bei nafuu, kina pikseli 1,049,088. Kila moja ikichukua baiti 4, jumla ni megabaiti 4 na kidogo za kumbukumbu.

Programu nyingine hufuata njia tofauti. Gromit-MPX, inayotumiwa kwenye Linux, hutandaza dirisha lisiloonekana. Kila pikseli ya dirisha hilo, mbali na nyekundu, kijani na buluu, hubeba namba ya nne, kuanzia 0 hadi 255, inayoamua uzito wake. Sifuri ni uwazi mtupu, 255 ni wino usiopenyeka, na za katikati ni kama maji ya rangi. Waliosoma enzi za mashine ya kumulika karatasi za nailoni watakumbuka jinsi mwalimu alivyoweka nailoni safi juu ya ile yenye mchoro, akaandika apendavyo, kisha akaifuta kwa kitambaa. Ndiyo hiyo hiyo. Video chini inaendelea kucheza, na duara lako limeelea juu yake.

Mausi nayo haijui mstari ni nini. Ile ya kawaida ya USB hupeleka taarifa mara 125 kwa sekunde: nimesogea hatua kadhaa kulia, kadhaa chini. Programu hupokea vitone na kuviunganisha kwa vistari vilivyonyooka. Ukivuta taratibu, vitone vinasongamana na duara linanona. Ukivuta kwa pupa vinaachana, na duara lako linaota pembe. Ndiyo maana mwandiko wa mausi wa watu wote, profesa na mtoto wa chekechea, unafanana na nyayo za kuku. ZoomIt inakuhurumia: shikilia Shift upate mstari ulionyooka, Ctrl upate mstatili, Tab upate duara, Ctrl na Shift upate mshale.

Mashabiki wa mpira wameujua wino huu zamani bila kuuliza jina lake. Ni ule wa wachambuzi wa televisheni wanaomzungushia beki duara ili dunia nzima ione alivyolala. Mashine ya kwanza ya namna hiyo ilibuniwa miaka ya 1950 na Leonard Reiffel, mwanafizikia wa Chicago aliyetaka kuchora juu ya picha katika vipindi vyake vya sayansi. Mtangazaji John Madden ndiye aliyeipa umaarufu mwaka 1982, katika fainali ya mpira wa Kimarekani. Reiffel huyo huyo, mwaka 1958, aliongoza utafiti wa siri wa jeshi la anga la Marekani kuhusu kulipua bomu la nyuklia mwezini. Heri wazo lililotufikia ni lile la kalamu.

Turudi Dzaleka, maana hapo ndipo kalamu hii inapopata kazi ya maana kuliko kumsuta beki. Kambi iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Ikafanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi, na leo inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2010 Wajesuti walileta masomo ya chuo kwa mtandao, stashahada ikitolewa na Regis University ya Denver. Mwaka 2016 ikaja AppFactory ya kufundisha vijana kuandika programu, kazi iliyoongozwa na Remy Gakwaya, mkimbizi wa Burundi, kwa msaada wa Microsoft na UNHCR. Katika darasa la namna hiyo kompyuta inasema Kiingereza, wanafunzi wananong'onezana Kiswahili, mwingine anahesabu kimoyomoyo kwa Kirundi au Kifaransa, na nje Wamalawi wanasalimiana Kichewa. Kueleza kosa lilipo kwa lugha ni safari. Mshale unafika mara moja.

Tena Kiswahili kinaielewa kazi hii kuliko Kiingereza, chenye neno moja tu, "here", kwa mahali palipo karibu. Sisi tuna matatu. Hapa ni mahali mahususi: kazi ya mshale. Huku ni upande, eneo lisilo na mpaka: kazi ya wino mwepesi unaopakwa juu ya maneno bila kuyaziba. Humu ni ndani ya kitu: kazi ya duara au mstatili. Nimejaribu mara nyingi kutafuta alama ya nne yenye manufaa, sijaipata.

Kero zake nazo zipo. Ukiwa umeshika kalamu, herufi za kibodi huwa amri: R ni nyekundu, G kijani, B buluu, na W hugeuza kioo chote kuwa ubao mweupe. Katika kikao kimoja jijini Lilongwe nilimwona mtoa mada aliyesahau kuwa bado anachora akiigonga K bila kukusudia. K ni ubao mweusi. Ukuta ukawa giza, ukumbi mzima ukaguna, na wawili wakatoa simu zao wamulike. Hawakuwa wajinga: katika nchi ambayo kimbunga Ana, Januari 2022, kiliharibu kituo cha umeme cha Kapichira na kupunguza karibu theluthi ya umeme wote wa nchi, giza lina maelezo yake ya kwanza. Feni ya dari ilikuwa ikizunguka muda wote ule, hakuna aliyeitazama.

Amri ninayoiogopa zaidi ni E. Inafuta kila ulichochora, papo hapo, na mwalimu mwenye haraka huibonyeza kabla ya wakati. Darasani utasikia kalamu zingine, za wino wa kweli, zikikimbia juu ya madaftari, na sauti kutoka benchi la nyuma: "Bado, mwalimu, usifute kwanza!"