Mabaki ya vitambaa: ni amana, mali au ubadhirifu?

 

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuzungumzia jambo linaloweza kuonekana dogo, nalo ni malimbikizo ya vitambaa katika nyumba za mama na dada zetu washonao mifarishi, foronya na mazulia ya viraka. Huanza na kifurushi kimoja cha mabaki ya sare za arusi. Mwaka haujaisha, kabati limejaa, mvungu wa kitanda umejaa, na mifuko ya shangazi kaja imepangwa hadi dirishani. Baba husema ni takataka, mama husema ni mali. Katika darsa zetu tumeulizwa mara kadhaa nani kati yao ana haki. Sisi twaona swali la kutangulia si wingi wa vitambaa hivyo, bali ni vya nani.

Mteja apelekapo mita nne kwa fundi, na gauni likatoka kwa mita tatu, mita iliyosalia haikugeuka kuwa sehemu ya ujira. Ni mali ya mteja iliyo mikononi mwa fundi kwa amana, na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ameamuru amana zirejeshwe kwa wenyewe. Wanazuoni hawakulipuuza jambo hili. Ash-Shayzari, aliyeandika kitabu cha usimamizi wa masoko katika karne ya 6 Hijria, alitaka vitambaa vya thamani, kama hariri, vipimwe kwa mizani kabla ya kukabidhiwa fundi, na nguo irudishwe kwa uzito ule ule. Alitaja pia hila ya mafundi waliojaza mchanga katika upindo wa nguo ili waibe kitambaa cha uzito huo. Naam, mizani nayo ilipatiwa dawa!

Hatusemi kwamba kila uzi ukusanywe. Vijipande ambavyo desturi ya mji yajua kuwa mwenyewe havitaki, havina ubaya kuchukuliwa, kwani desturi huzingatiwa katika sheria yetu. Lakini kipande kitoshacho kushona kofia au nguo ya mtoto, aulizwe mwenyewe, na neno moja tu lamtosha fundi: "Mabaki nikufungie?" Mama anayepokea mafurushi kutoka kwa fundi naye aulize yametokaje. Ama vile vya zamani, ambavyo mwenyewe ametafutwa hakupatikana wala warithi wake, wanazuoni wengi wameelekeza vitolewe sadaka kwa niaba yake. Na akitokea siku moja akadai, alipwe.

Vilivyobaki baada ya hapo ni mali halali ya mama, wala mume hana ruhusa ya kuvitupa au kuvigawa bila ridhaa yake. Hata hivyo, umiliki haufungui mlango wa kulimbikiza. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja tandiko la mume, la mke na la mgeni, kisha akalihesabu la nne kuwa la shetani. Imam Nawawi ameeleza kuwa makusudio ni kile kilichozidi haja na kutafutwa kwa fahari. Anunuaye doti mpya kila mwezi ilhali za mwaka juzi zinaota ukungu sandukuni, na ajipime kwa hadithi hiyo. Kwetu pwani unyevu na panya hawasubiri mfarishi ukamilike.

Kuokoa kitambaa ni jambo jingine kabisa. Mama wa Waumini Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) alipolichukia, halikutupwa, bali lilikatwa likafanywa mto au mito miwili. Zainab bint Jahsh (R.A.) alifanya kazi za mikono, akitengeneza ngozi na kuzishona, na pato lake akalitoa sadaka. Basi kinachofaa kipangwe kwa rangi na ukubwa, kianikwe mara kwa mara, na kisicho na kazi kipelekwe kwa anayejifunza kushona. Khanga isomwe jina lake kabla ya mkasi kupita. Penye jina la Mwenyezi Mungu pakatwe pahifadhiwe, pasije pakaishia katika zulia la kufutia miguu.

Yapo pia ya zaka, ambayo wengi husahau. Vitambaa vya matumizi ya nyumbani havina zaka. Lakini mama aliyenunua vitambaa ili ashone auze ana mali ya biashara. Mwaka wa Hijria ukitimia, athamini vitambaa hivyo pamoja na mifarishi iliyokwisha shonwa kwa bei ya soko ya siku hiyo, ajumlishe na fedha za biashara alizonazo, na jumla ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu atoe asilimia 2.5. Cherehani, mkasi na meza havihesabiwi. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii, mabaki aliyopewa bure hayaingii katika hesabu, kwa kuwa hayakupatikana kwa kununua. Kwa hiyo yakae katika mfuko wake peke yake, yasichanganywe na ya dukani.

Wallahu aalam.